Uvimbe wa Tezi za Mate Uliojificha Ndani ya Shingo: Unavyotambuliwa na Unavyotolewa

Kuna uvimbe ambao mtu anaweza kukaa nao miaka mingi bila kuujua, kwa sababu umekaa mahali ambapo jicho halifiki na vidole haviupapasi kwa urahisi: nyuma ya taya, ubavuni mwa koromeo, chini ya kitako cha fuvu. Hauumi, hautoi usaha, wala haumletei homa mwenye nao. Mara nyingi hugunduliwa kwa bahati, pale daktari wa meno anapomulika kinywa ili ang'oe gego na kuona kwamba kaakaa laini la upande mmoja limeshuka na tonsili imesukumwa kuelekea katikati, au pale watu wa nyumbani wanapomwambia mgonjwa kwamba siku hizi anakoroma kuliko zamani na sauti yake imekuwa nzito, kama ya mtu anayesema huku ana chakula mdomoni.

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mgonjwa wa namna hii kwa kawaida huanza kwa kutibiwa mafindofindo. Kituo cha afya kinampa antibiotiki, uvimbe haupungui. Anabadilishiwa dawa, anarudi tena, na bado haupungui. Wapo wanaoambiwa na majirani kwamba kilimi kimerefuka, na kwa kuwa desturi ya kukata kilimi bado haijafa katika eneo letu la Maziwa Makuu, wanapelekwa kwa mkataji. Wapo pia wanaokutana na mhudumu mwenye nia njema anayedhani kwamba hilo ni jipu la nyuma ya tonsili, akashika kisu na kulipasua kupitia kinywani ili usaha utoke. Usaha hautoki, hutoka damu, na kuanzia siku hiyo ugonjwa ambao ungetibika kwa upasuaji mmoja safi unakuwa mgumu zaidi. Ndiyo sababu naandika makala haya: uvimbe wa ndani ya shingo usio na homa wala maumivu haupaswi kuguswa na kisu, wala kunyofolewa kipande kupitia kinywani, kabla haujapigwa picha inayoonyesha umekaa wapi na umepakana na nini.

Ili kuelewa kwa nini mahali pana uzito kiasi hicho, inatupasa kwanza tulitazame eneo lenyewe. Kila upande wa koromeo pana nafasi iliyojaa mafuta laini, yenye umbo la piramidi iliyopinduliwa: kitako chake kiko juu, kwenye fuvu, na ncha yake inashuka hadi kwenye mfupa mdogo wa hayodi, juu ya zoloto. Kwa ndani imepakana na ukuta wa koromeo. Kwa nje imepakana na mfupa wa taya, misuli ya kutafunia na sehemu ya ndani ya tezi ya parotidi, ile tezi kubwa ya mate iliyo mbele na chini ya sikio ambayo hufura mtoto anapougua matumbwitumbwi. Kutoka kwenye fuvu hushuka kijimfupa chembamba kilichochongoka kinachoitwa stiloidi, na utando unaoanzia hapo unaigawa nafasi hiyo vyumba viwili. Chumba cha mbele kina mafuta, kipande cha parotidi na vitezi vidogo vidogo vya mate. Chumba cha nyuma ndicho kinachowatia madaktari hofu, maana humo hupita ateri ya karotidi ya ndani inayopeleka damu kwenye ubongo, vena kubwa ya jugula inayoirudisha, neva za fuvu kuanzia ya 9 hadi ya 12 zinazoendesha kumeza, sauti, bega na ulimi, pamoja na mnyororo wa neva za simpathetiki unaosaidia kuinua kope na kupanua mboni ya jicho.

Mgawanyo huu wa vyumba ndio ufunguo wa utambuzi. Uvimbe unaoanzia chumba cha mbele mara nyingi sana ni wa tezi za mate. Unaoanzia chumba cha nyuma mara nyingi ni wa neva, kama shwanoma, au ni paraganglioma, uvimbe unaoota kando ya mishipa mikubwa, uliojaa damu, na ambao ukikatwa ovyo humwaga damu isiyozuilika kirahisi. Kwa jumla uvimbe wa nafasi hii ni adimu, takriban nusu ya asilimia moja tu ya uvimbe wote wa kichwa na shingo, na huenda daktari wa kituo cha afya akafanya kazi maisha yake yote akaona mmoja au asiuone kabisa; kwa hiyo simlaumu anayeukosea mara ya kwanza. La kutia moyo ni kwamba takriban asilimia 80 si saratani, na unaoongoza miongoni mwa huo usio saratani ni adenoma pleomofiki ya tezi za mate.

Adenoma pleomofiki ndiyo uvimbe unaoonekana zaidi kuliko mwingine wowote katika tezi za mate. Chini ya hadubini huonyesha mchanganyiko wa seli za tezi na tishu inayofanana na ute au gegedu. Hukua polepole, na huwapata zaidi watu wa makamo, wanawake wakiwazidi wanaume kidogo. Mara nyingi huota katika sehemu ya nje ya parotidi, ambako huonekana mapema kama kifundo chini ya sikio. Ila takriban mmoja kati ya kila kumi ya uvimbe wa parotidi huota katika sehemu ya ndani, chini ya neva ya uso, na ukikosa njia ya kutokea nje hupenya kuelekea koromeo kupitia uwazi mwembamba ulio kati ya taya na kano inayoiunganisha na stiloidi. Ukipita hapo hubanwa kiunoni ukawa na umbo la kibuyu, sehemu moja ndani ya parotidi na nyingine ubavuni mwa koromeo. Mwingine huota moja kwa moja kutoka kwenye vitezi vidogo vya mate, bila uhusiano wowote na parotidi. Tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo kwa msomaji, lakini kwa mpasuaji ndiyo inayoamua kama atalazimika kuitafuta neva ya uso au la.

Jambo linalofaa kushikwa kwa makini kuliko yote ni ganda la uvimbe huu. Ganda lipo, lakini haliaminiki: mahali pengine ni jembamba mno, mahali pengine halipo kabisa, na hapa na pale vijichipukizi vya uvimbe vimejitokeza nje yake. Zamani wapasuaji walikuwa wakilipasua ganda na kukomba kilichomo ndani, kwa kuihofia neva ya uso. Matokeo yake ni kwamba wagonjwa kati ya asilimia 20 na 45 walirudiwa na uvimbe. Ulipoanza kutolewa pamoja na tishu nzima iliyouzunguka, kiwango hicho kilishuka chini ya asilimia 5. Na unaporudi haurudi kama ulivyokuwa. Hurudi kama punje nyingi zilizotawanyika katika mafuta, katika kovu, hata chini ya ngozi, kila punje ikiwa imetokana na seli zilizomwagika siku ganda lilipopasuka. Kisu kilichopitishwa kinywani kutafuta usaha hufanya kosa hilo hilo, tena bila faida hata ya kuupunguza uvimbe.

Swali ambalo wagonjwa huuliza, na wana haki ya kuliuliza, ni hili: "Munganga, kama hakiumi na si kansa, kwa nini nikatwe?" Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, nafasi ile ina mipaka. Uvimbe ukiendelea kukua utabana njia ya hewa na ya chakula, utaziba mrija unaopeleka hewa kwenye sikio la kati, na upasuaji ambao ungekuwa wa wastani utakuwa mkubwa. Pili, adenoma pleomofiki inaweza kugeuka saratani, na uwezekano huo huongezeka kadiri miaka inavyopita: takriban asilimia 1.5 katika miaka 5 ya kwanza, na karibu asilimia 10 inapozidi miaka 15. Haina dharura ya kumfanya mtu auze shamba wiki hii. Miezi michache ya kujipanga, kutafuta fedha na kumtafuta mpasuaji anayeijua kazi hiyo haimdhuru mgonjwa. Miaka kumi ya kungoja ndiyo inayomdhuru. Kwa mzee dhaifu mwenye ugonjwa mkubwa wa moyo, mwenye uvimbe mdogo usiomsumbua, kuufuatilia kwa picha bila kumpasua ni uamuzi wa busara, na familia isione kwamba ametelekezwa.

Uchunguzi huanza kwa mikono. Daktari wa masikio, pua na koo, yule tunayemwita wa ORL, humkalisha mgonjwa, humulika kinywa na kuukandamiza ulimi. Anachokitazama ni rangi na uso wa kile kilichovimba: katika jipu ngozi ya ndani ni nyekundu, ina joto, mgonjwa anatoa mate kwa sababu hawezi kumeza na taya halifunguki, katika uvimbe wa tezi ngozi hiyo ni nyororo, ina rangi yake ya kawaida, na mgonjwa anafungua kinywa bila taabu. Kisha huingiza kidole chenye glavu kinywani na kuweka mkono mwingine nje, chini ya pembe ya taya, akisukuma taratibu upande mmoja ili kuhisi kama upande wa pili unasogea. Ukisogea, ni uvimbe mmoja unaotoka kinywani hadi shingoni. Kwa kawaida kitu kilichomo humo hakionekani wala hakishikiki mpaka kifikie sentimita 2.5 hadi 3, na hivyo anayefika hospitalini akiwa na uvimbe mkubwa hapaswi kukaripiwa kwamba amechelewa.

Baada ya hapo humwomba mgonjwa akunje paji la uso, afumbe macho kwa nguvu, aonyeshe meno, atoe ulimi, aseme "aaa", ainue mabega. Kila tendo linapima neva yake. Uso ukiwa umelegea upande mmoja, au taya likawa limekaza, au uvimbe umekua haraka kwa miezi michache na unauma, au kuna matezi magumu shingoni, hapo hofu ya saratani inaingia na safari inabadilika. Katika mazingira yetu daktari pia hawezi kusahau kifua kikuu, ambacho huvimbisha matezi ya shingo mara nyingi kuliko uvimbe wowote tunaouzungumzia hapa, wala virusi vya Ukimwi, ambavyo huweza kujaza parotidi zote mbili vifuko vya maji. Kuombwa kipimo cha virusi hivyo, kwa hiyo, si dharau kwa mgonjwa. Vifuko hivyo mara nyingi havihitaji kupasuliwa, na kuvitambua mapema kunamwokoa mtu na kisu.

Kisha ndipo picha. Picha ya radio ya kawaida, yaani eksirei, haisaidii. Ekografi, yaani ultrasound, ni ya bei nafuu na inaonyesha vizuri sana sehemu ya nje ya parotidi, lakini mawimbi yake ya sauti hayapenyi mfupa, na uvimbe wetu umejificha nyuma ya taya. Kwa hiyo ripoti ya ekografi inayosema "hakuna kitu" kwa mgonjwa ambaye kaakaa lake limeshuka isiwe mwisho wa uchunguzi. Kinachohitajika ni skana (CT scan) iliyopigwa pamoja na dawa ya kung'arisha mishipa ya damu, au IRM, picha ya sumaku ambayo wengine huiita MRI. Nikilazimika kuchagua kimoja kwa ajili ya kusoma tishu laini nitachagua IRM, maana adenoma pleomofiki mara nyingi hung'aa humo kama maji katika picha za aina ya T2 na mipaka yake na parotidi huonekana wazi zaidi. Hata hivyo skana nzuri iliyosomwa kwa makini humtosha mpasuaji mara nyingi, na mgonjwa asikate tamaa kwa kuwa IRM iko mbali au gharama yake imemshinda.

Anayesoma picha hizo anatafuta majibu ya maswali machache. Ateri ya karotidi imesukumwa kwenda wapi? Ikiwa imesukumwa nyuma, uvimbe uko chumba cha mbele na huenda ni wa tezi za mate. Ikiwa imesukumwa mbele, uvimbe uko chumba cha nyuma na ni wa neva au wa mishipa. Je, kuna mstari wa mafuta kati ya uvimbe na parotidi? Ukiwepo, uvimbe umetoka katika vitezi vidogo na haukushikamana na parotidi. Usipokuwepo, huenda umetoka katika sehemu ya ndani ya parotidi, ingawa uvimbe mkubwa sana unaweza kuufuta mstari huo kwa kuukandamiza tu. Kingo zake ni laini au zimekula misuli na mfupa? Na je, dawa ilipoingia uvimbe uliwaka ghafla kama mshipa wa damu? Uwakao hivyo unashukiwa kuwa paraganglioma, na sindano haitakiwi kuukaribia.

Hapa nina ombi la vitendo kwa familia. Kabla ya skana ya dawa, hospitali itataka kipimo cha kreatinini ili kujua hali ya figo, na itauliza kama mgonjwa amewahi kudhurika kwa dawa ya namna hiyo. Kipimo hicho kifanywe mapema ili mtu anayetoka Kalehe, au aliyevuka ziwa kutoka Idjwi, asirudishwe mlangoni. Na picha zikishapigwa, chukueni CD yenyewe pamoja na karatasi ya ripoti. Mpasuaji hapasui ripoti. Atataka kuzipitia picha moja moja, kutoka fuvu hadi hayodi, na kuufuata mkondo wa karotidi kwa macho yake.

Picha ikishaonyesha kwamba uvimbe si wa mishipa, inawezekana kuchukua seli kwa sindano nyembamba. Kama uvimbe unafikika kutoka nje, sindano huongozwa na ekografi. Kama umejificha kabisa, huongozwa na skana, au hupitishwa kinywani kwenye kaakaa lililovimba. Msomaji atauliza kwa nini sindano ya kinywani inaruhusiwa wakati kisu kimekatazwa. Ni kwa sababu sindano hiyo ni nyembamba mno. Huchota seli chache bila kulifungua ganda wala kuacha kovu linalounganisha uvimbe na ngozi ya koromeo. Kinachochotwa hupakwa kwenye kioo, hukaushwa, hutiwa rangi na kusomwa na mtaalamu wa patholojia, ambaye siku hizi katika nchi nyingi huandika jibu lake kwa kufuata mfumo wa Milan uliochapishwa mwaka 2018, wenye makundi sita, kuanzia sampuli isiyotosha hadi saratani ya wazi. Mikononi mwa wazoefu jibu hilo huwa sahihi karibu mara tisa kati ya kumi, ila zipo saratani chache za tezi za mate, hasa ile ya adenoidi sistiki, ambazo seli zake huweza kufanana na za adenoma. Kwa hiyo jibu la sindano huongoza mpango, na jibu la mwisho hutoka katika uvimbe mzima. Na pale ambapo hakuna wa kuisoma sindano, picha yenye sifa zote za adenoma, iliyosomwa vizuri, inatosha kuamua upasuaji. Naona ni bora kufanya hivyo kuliko kunyofoa kipande ili tu kuwe na karatasi ya maabara katika faili.

Upasuaji wenyewe hupita shingoni. Njia ya kinywani inaonekana fupi, na katika nchi zenye roboti za upasuaji hutumiwa kwa uvimbe mdogo uliochaguliwa vizuri, lakini mpasuaji anayepita huko bila vifaa hivyo anafanya kazi shimoni, haoni karotidi iko wapi, na hana nafasi ya kuzuia damu ikitoka. Shingoni kila kitu muhimu hutambuliwa kwanza, ndipo uvimbe uguswe.

Kabla ya mkato wowote kuna kazi ya mtaalamu wa dawa ya usingizi, ambayo wengi hawaijui. Koromeo limebanwa, na mrija wa kupumulia unaweza kukataa kupita. Ni lazima azione picha mapema na ajiandae. Tena, dawa za kulegeza misuli zikitumiwa kupita kiasi uso hautatikisika hata neva ikiguswa. Penye mashine ya kufuatilia neva, mashine hulia. Pasipo mashine, pembe ya jicho na pembe ya mdomo huachwa wazi au hufunikwa kwa plastiki inayopitisha mwanga, na msaidizi mmoja hupewa kazi ya kuzitazama bila kuondoa macho.

Ikiwa uvimbe umetoka sehemu ya ndani ya parotidi, mkato huanzia mbele ya sikio, huzunguka ndewe na kushuka katika kunjo la shingo. Mpasuaji anaifuata gegedu ya sikio kuelekea ndani mpaka kwenye ncha yake, anautafuta msuli wa digastriki, na kati ya alama hizo mbili, takriban sentimita moja ndani ya ncha ya gegedu, ndipo penye shina la neva ya uso: uzi mweupe usiozidi milimita chache kwa unene, ambao baadaye hujigawa matawi yanayokwenda kwenye paji, jicho, shavu, mdomo na shingo. Neva hiyo huinuliwa taratibu kutoka juu ya uvimbe, tawi baada ya tawi, kisha uvimbe hutolewa chini yake pamoja na sehemu ya tezi uliyoota. Ikiwa uvimbe haukushikamana na parotidi, mkato wa shingoni pekee unatosha. Tezi ya mate ya chini ya taya husogezwa kando au hutolewa, karotidi, jugula na neva ya ulimi hutambuliwa, kisha ile kano ya kutoka stiloidi hadi tayani hukatwa, na taya likivutwa mbele nafasi hupanuka kwa kiasi kinachowashangaza wanaoiona mara ya kwanza.

Kuanzia hapo kazi kubwa hufanywa na kidole. Mafuta yanayouzunguka uvimbe ni laini, na ncha ya kidole, ikilifuata ganda kwa upole bila kulibonyeza, hulitenganisha na ukuta wa koromeo hadi juu karibu na fuvu. Hatari iko katika haraka. Kibanio chenye meno kikiushika uvimbe, au mkono ukiuvuta kabla haujaachia, ganda hupasuka na ute wake humwagika katika jeraha. Likitokea hilo, eneo husafishwa kwa maji ya chumvi mengi, na ni wajibu wa mpasuaji kuliandika katika ripoti yake kwa maneno yaliyo wazi. Kulipasua taya lenyewe na kulifungua kama mlango hubakia kwa uvimbe mkubwa sana, wenye mishipa mingi karibu na fuvu, au wa saratani. Hiyo ni kazi inayohitaji vyuma vya kuunga mfupa na mara nyingi tundu la muda la kupumulia kwenye koo, na sehemu kubwa ya uvimbe usio saratani haiihitaji. Mwishoni mrija mwembamba wa kunyonya damu huachwa shingoni siku moja au mbili.

Mgonjwa anayeamka akiona mdomo wake umevutwa upande mmoja hushtuka, na familia hudhani neva imekatwa. Mara nyingi haikukatwa. Imechoshwa na kuvutwa, na hurudi baada ya wiki au miezi kadhaa. Kulegea kwa muda kwa kadiri fulani kunaweza kumpata mgonjwa mmoja kati ya watatu hivi parotidi inapopasuliwa, ilhali kulegea kwa kudumu ni kwa wachache. Katika kipindi hicho jicho lisilofumba vizuri linahitaji matone mchana na kufungwa kwa plasta usiku, maana kioo cha jicho kikikauka huchubuka. Ndewe la sikio litakuwa na ganzi, na pengine libaki hivyo, kwa kuwa neva inayolihudumia hukatizwa na mkato.

Lipo tatizo moja ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi mapema, nalo huwatesa kwa sababu hawajui ni nini. Baada ya upasuaji wa nafasi hii mtu huketi mbele ya sahani ya bugali na sambaza, anatia tonge la kwanza mdomoni, na maumivu makali kama ya kubanwa yanampiga mbele ya sikio. Tonge la pili linauma kidogo, la tatu kidogo zaidi, kisha yanaisha, mpaka mlo unaofuata. Hutokana na kukatizwa kwa neva za simpathetiki zinazokwenda kwenye parotidi: seli za tezi hubaki zikitii upande mmoja tu wa amri, na tonge la kwanza linapoziamsha hukaza zote kwa pamoja. Hayana uhusiano na uvimbe kurudi. Kwa wengi hupungua kadiri miezi inavyopita, na yanayozidi yana dawa za kuyatuliza. Wengine, miezi kadhaa baadaye, hutokwa na jasho na wekundu shavuni kila wanapokula. Hali hiyo ina jina la Lucja Frey, daktari wa neva wa Poland aliyeieleza mwaka 1923, na hutokana na neva za mate zilizokatwa kuota upya na kuunganika na tezi za jasho za ngozi. Kope kushuka na mboni kuwa ndogo, au sauti kukwaruza na maji kupalia, hutokea zaidi uvimbe unapokuwa wa chumba cha nyuma.

Uvimbe uliotolewa huenda mzima katika chupa ya formalini hadi maabara ya patholojia. Mara nyingi familia ndiyo inayopewa chupa hiyo iipeleke na kulipia, na baada ya gharama zote zilizotangulia kishawishi cha kuiacha ni kikubwa. Isiachwe. Ni maabara hiyo peke yake inayoweza kusema kama ndani ya adenoma kulikuwa na kona iliyokwisha kugeuka saratani, kama ganda lilikuwa zima, na kama kingo zilikuwa safi. Majibu hayo ndiyo yanayoamua kama mgonjwa ataonekana mara moja kwa mwaka tu au ataongezewa tiba ya mionzi.

Ufuatiliaji wenyewe ni mrefu kuliko watu wanavyotarajia, kwa sababu adenoma iliyomwagika inaweza kujitokeza tena baada ya miaka kumi au zaidi, wakati ambapo mpasuaji wa kwanza huenda amehama na faili imepotea. Mgonjwa na ahifadhi nyumbani nakala tatu: CD ya picha, ripoti ya upasuaji na jibu la patholojia, katika mfuko usiopenya maji. Daktari atakayempokea baada ya miaka hiyo atataka kujua kwanza neva ya uso iliachwa imepita wapi, na kama ganda lilipasuka siku ile.